Bastola ya Kifundoni ya Hollis Sowards

Wewe ukiambiwa uchague bastola ndogo ya akiba, ile ya kufichwa kifundoni chini ya suruali, ya siku ambayo bastola kubwa imekutoka mkononi na hakuna wa kukusaidia, ungeangalia nini kwanza? Wengi huangalia wembamba wake. Wengine uzito, maana chuma kikikaa mguuni tangu asubuhi hadi jioni, goti hulalamika. Wapo wanaoangalia ukubwa wa risasi, wakabishana dukani mpaka kahawa ikapoa. Mpelelezi Verla Stidham, Ijumaa ile asubuhi, hakuangalia hata kimoja kati ya hivyo. Aliangalia kitako cha risasi moja.

Alikuwa amekaa kwenye chumba cha vielelezo nyuma ya ofisi ya sherifu, taa ya meza ameivuta karibu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Mbele yake, juu ya karatasi nyeupe, palikuwa na bastola ndogo nyeusi, nyembamba kama kitabu cha nyimbo za kanisani, na magazini yake, na risasi sita zimepangwa mstari. Bastola ilikuwa ya Sajenti Hollis Sowards, aliyezikwa wiki iliyopita kwenye kilima cha ukoo wao.

Aliyemuua alishakamatwa, saa mbili tu baada ya tukio, na hakuna aliyebishana juu yake. Jumatano asubuhi na mapema, akiwa bado peke yake, Hollis alisimamisha gari la wizi barabarani kando ya kijito, mtu yule akamrukia, bastola kubwa ya kiunoni ikapokonywa. Kamera ya gari la Hollis haikuona vizuri, lakini ilisikia. Ilisikia Hollis akiinama na kuhema, kisha mlio mdogo wa chuma kugonga patupu. Ukarudia. Ukarudia tena. Halafu ikasikika sauti ya mtu anayevuta kitu kigumu bila kufaulu, halafu mlio mkubwa, wa bastola yake mwenyewe iliyokuwa mikononi mwa mwingine.

Magazini ya ile ndogo ilikuwa imejaa. Chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, ilikuwa tupu. Bastola ya namna hiyo lazima mtu aikoki kwanza: ashike mgongo wake kwa vidole, auvute nyuma kwa nguvu, auachie, risasi ipande. Isipokokiwa ni kipande cha chuma. Daktari aliandika kwamba ngozi ya kidole gumba na cha shahada cha Hollis ilikuwa imechubuka.

Kilichowanyima watu usingizi ni kwamba rivolva ya zamani ya Hollis, ile ya risasi tano ambayo haihitaji kukokiwa, aliyoivaa kifundoni miaka thelathini, ilikutwa kabatini kwa Lonnie Fugate, askari aliyepanda naye gari moja mwaka mzima. Na Lonnie ndiye aliyemchagulia hii ndogo. Na Lonnie ndiye aliyeishika jioni ya kuamkia kifo. Na cheo cha usajenti kilikuwa kinamngoja Lonnie. Sherifu alikuwa ameshaandika barua ya kumpeleka kwa mwendesha mashitaka. Alimpa Verla mpaka saa sita mchana kuleta kitu kingine, kama kipo.

Lonnie aliingia bila kofia. Alikuwa hajanyoa.

"Kaa, Lonnie."

"Nikae kama askari au kama mshitakiwa?"

"Kaa kama mtu mwenye matako. Niambie tena habari ya Jumanne."

"Nimeshaisema mara nne, afande."

"Mimi ni wa tano. Sema polepole."

Lonnie alikaa. "Bastola ya kifundoni inajaa vumbi la soksi kama mfuko wa koti la babu. Jioni tulipofika kituoni nikamwambia, Sajenti, nipe nikusafishie, maana yeye vidole vilikuwa vimevimba siku hiyo. Nikatoa magazini. Nikatoa na ile ya chemba, nikairudisha juu ya wenzake. Nikafuta, nikapaka mafuta kidogo, nikamrudishia mkononi. Nikamwambia, chemba tupu."

"Kwa maneno hayo?"

"Hayo hayo. Akasema, najua, kesho itakuwa tayari."

"Hakusema, nitaikoki."

"Alisema itakuwa tayari." Lonnie alifikiri. "Wewe huniamini."

"Sijasema hivyo. Kwa hiyo ulipoichukua, ndani ya chemba palikuwa na risasi?"

"Palikuwa nayo. Niliitoa kwa mkono huu."

Verla alisukuma kioo upande wake. "Tazama hii ya juu. Tazama ukingo wa kitako."

Kila risasi inapoingia chemba, kuna kikulabu kinauma ukingo wa kitako chake, na kinapoitoa kinakwangua tena. Risasi tano kati ya zile sita ziling'aa kama vifungo vipya. Ya juu ilikuwa imeng'atwang'atwa pande zote, na ncha yake imezama kidogo ndani ya ganda kwa kusukumwa mara nyingi.

"Nimehesabu alama thelathini na kitu, kisha nikachoka," alisema Verla. "Hii imepandishwa na kushushwa siku baada ya siku. Ulikuwa unaipandisha wewe?"

"Mimi? Asubuhi tunakutana barabarani, kila mtu anatoka kwake. Anakuja ameshavaa."

"Basi nani? Hollis alikuwa hawezi."

Lonnie alikitazama kidole chake mwenyewe. "Nilijua hawezi. Siku ile dukani nilimwona. Nikadhani mkono utazoea. Na mimi ninayo kama hiyo, ilinisumbua mwezi mzima."

"Wewe una miaka ishirini na tisa, Lonnie."

"Nilitaka kumpunguzia uzito, basi. Ile rivolva ilikuwa kama nanga ya mashua, alikuwa anachechemea. Akanipa niitunze, akasema akiichoka mpya atanidai." Akajipangusa mdomo. "Angenidai tu. Hata ile asubuhi angenipigia simu, ningemletea."

Verla alikunja karatasi yake, akamwambia asiondoke kituoni.

Duka la Delbert Neace liko mahali barabara inapopinda, kati ya kanisa la Wabaptisti na mahali pa kuuzia chakula cha mifugo. Delbert alikuwa nyuma ya kaunta ya kioo, anakula mkate laini wenye soseji huku amekinga mkono chini ya kidevu ili makombo yasidondokee bidhaa. Alimjua Verla tangu anaburutwa na baba yake kuja kununua risasi za kuwindia kulungu.

"Binti Stidham. Umekuja kununua au kunihoji?"

"Kukuhoji, mzee Delbert."

"Afadhali. Ninyi watu wa serikali mnaomba punguzo mno." Akafuta mikono. Tabasamu halikudumu. "Ni ya Hollis."

"Ni ya Hollis. Nitolee kama ile."

Delbert alifungua kabati, akatoa bastola pacha, akahakikisha ni tupu, akampa ikiwa wazi, kama adabu inavyotaka. Verla akaufunga mgongo, kisha akaujaribu kuuvuta. Alikuwa na miaka arobaini na nne na mikono mizima, lakini ilibidi abane kiwiko ubavuni.

"Ngumu."

"Watu hawanisadiki nikiwaambia. Wanaona kitu kidogo, wanadhani ni rahisi. Bastola ikiwa ndogo, springi yake lazima iwe kali, na mahali pa kushika hakuna. Kubwa inavutika kuliko hii. Na ukiipiga, inakurukia kiganjani kama chura. Ni silaha ya mtu mwenye mkono imara, tunawauzia wenye mikono mibovu."

"Siku ile ilikuwaje?"

"Walikuja watatu. Hollis, mkewe Oleta, na Lonnie. Lonnie ndiye msemaji: pima hii, pima ile, uzito nusu ya rivolva, haitokezi chini ya suruali. Na kweli, haitokezi. Hollis akaijaribu. Mara ya kwanza ikateleza. Mara ya pili ikamkata kidole. Mara ya tatu akajifanya anatazama bei."

"Wewe ulisema nini?"

Delbert aliinama chini ya kaunta, akatoa bastola nyingine, fupi, nene kidogo. "Nilimwekea hii. Risasi zake ni ndogo zaidi, za saizi ya ishirini na mbili, lakini tazama." Akabonyeza kitufe cha pembeni, mtutu ukanyanyuka nyuma wenyewe, chemba ikawa wazi juu kama kinywa cha kifaranga. "Unadumbukiza risasi kwa vidole viwili, unafunga. Hakuna kukoki. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wa baridi yabisi. Nikamwambia, Hollis, hii ndiyo yako."

"Akakataa."

"Akasema, Delbert, hiyo ni ya mabibi wa kwaya. Lonnie akacheka. Na mimi nikacheka." Aliifunga ile bastola taratibu. "Ningekaa kimya. Au ningemwambia kwamba hiyo ndiyo ninayobeba mimi mwenyewe. Iko mfukoni sasa hivi. Sikumwambia."

"Oleta alicheka?"

"Oleta hakucheka. Aliichukua ile ngumu mkononi mwa mumewe, akaikoki mara moja, klak, kama mtu anayefungua droo. Akaiweka hapo juu ya kioo, akasema, tunachukua hii. Yule mama amekamua ng'ombe kwa mikono miaka arobaini, binti. Usishindane naye kukunja mkono."

Verla aliandika hayo, akayasoma, akaweka tarehe.

"Na pale kwenu uwanja wa shabaha alipitaje?" Delbert aliuliza. "Si mnapimwa hata na ya kifundoni?"

Verla hakuinua uso kutoka kwenye daftari. Kanuni ya uwanja ule ni moja, na kila askari wa kaunti anaijua: unafika na silaha tupu, unasimama kwenye mstari, unajaza ukiamrishwa. Atakayeshindwa na bastola yake ya akiba haivai, na askari wa miaka sitini na mbili akianza kushindwa, wanampa kiti cha mlangoni mahakamani. Mwezi wa sita msimamizi wa mstari alikuwa Verla. Aliamrisha wajaze. Mikono yote ikaenda kwenye bastola, isipokuwa ya Hollis. Hollis aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akainuka na bastola ambayo tayari ilikuwa na risasi chemba. Akapiga zote ndani ya duara. Verla aliona. Hollis ndiye aliyemfundisha kazi.

"Nilimpitisha mimi," alisema. "Na sahihi ni yangu."

Delbert alimsogezea kipande cha mkate kilichobaki. Hakukigusa, akashukuru, akatoka.

Nyumba ya akina Sowards iko mwisho wa bonde, ng'ambo ya daraja la mbao. Oleta alikuwa jikoni, anaosha vyombo vya watu. Msiba ukitokea kule kila nyumba huleta chakula, na chini ya kila sahani mwenyewe hubandika utepe wenye jina lake, ili ijulikane chombo kikirudishwa kinarudi kwa nani. Mezani palikuwa na sahani kumi na mbili zimekauka, zimepangwa kwa majina.

"Umekuja kuchukua bakuli la mama yako," Oleta alisema. "Mwambie maharage yalikuwa mazuri. Mkate wa mahindi ulikuwa na sukari, lakini sitamsema."

"Nitamwambia yote mawili, shangazi."

"Usimwambie la pili. Keti. Kuna kahawa."

Alimwaga kahawa, akafungua chupa ya molasi kwa mkono mmoja, mfuniko uliokuwa umegandia sukari ya msimu mzima, bila hata kukunja uso. Verla alitoa daftari, akaliweka juu ya meza, halafu akatoa kadi ndogo.

"Shangazi, kabla sijauliza, lazima nikusomee haya. Una haki ya kukaa kimya."

"Nimekaa kimya siku tisa," Oleta alisema. "Soma."

Verla alisoma hadi mwisho, na habari ya wakili. Oleta alisema amesikia, wakili hamtaki, na kahawa isiachwe ipoe.

"Bastola ndogo ya Hollis ilikuwa inakokiwa kila asubuhi. Si na Hollis."

"Hapana. Si na Hollis."

"Na jioni?"

"Jioni naitoa risasi. Silaha yenye risasi chemba hailali ndani ya nyumba hii tangu mjukuu wetu aanze kutambaa. Hiyo ni amri yangu, si ya sherifu." Aliikausha sahani nyingine, akaigeuza kusoma jina. "Asubuhi anakaa pale, kile kiti cha mlango wa nyuma. Anaweka mguu juu ya kigoda. Mimi naikoki, naichomeka kwenye ala yake, namfungia ukanda. Hatusemi kitu. Tangu mwezi wa tano hatujawahi kusema kitu juu ya hiyo. Angeaibika."

"Jumatano ile?"

Oleta alikwenda kwenye kabati la mkate, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele ya Verla. Ilikuwa nakala ya fomu ya ofisi ya sherifu. Hollis Sowards, anaomba kuongezewa mwaka mmoja kazini. Sahihi yake ilikuwa imepinda, ya mtu anayeshika kalamu kwa shida.

"Aliniahidi mwezi wa tisa. Tungevuna tumbaku yetu pamoja, halafu angerudisha beji. Niliikuta hii kwenye suruali nikitaka kufua, Jumanne usiku. Sikumuuliza. Asubuhi akakaa, akaweka mguu."

"Ukaikoki?"

"Niliishika. Nikaichomeka hivyo hivyo. Nikafunga ukanda." Aliweka sahani chini. "Sikusema kitu. Kama siku zote."

Nje, mbwa wa jirani alibweka mara mbili, akaacha. Verla aliandika pole pole, kila neno, maana alijua karatasi hiyo itasomwa na watu wengi. Kisha akauliza lile ambalo sherifu angeliuliza.

"Lonnie alijua?"

"Lonnie anajua nini? Mtoto wa watu. Alikuja hapa juzi, akasimama kwenye veranda nusu saa, akashindwa kubisha hodi. Nilimwona kupitia pazia, nikashindwa kufungua." Akajipangusa mikono kwenye aproni. "Wanamfanya nini?"

"Saa sita barua inatoka. Wanasema aliiacha tupu kwa makusudi, apate cheo."

"Saa ngapi sasa?"

"Tano na dakika kumi."

"Lete hiyo karatasi."

Verla aliisoma kwa sauti tangu mwanzo. Oleta alisahihisha mahali pamoja tu: Verla alikuwa ameandika kwamba alisahau kuikoki. "Futa hilo," alisema. "Ukiandika nimesahau, nitakuwa nimemzika na uongo juu." Verla akakata mstari, wote wawili wakatia herufi za majina yao pembeni. Halafu Oleta akatia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko wa shule, wa kulala kulia.

Verla alipiga simu kituoni palepale jikoni, kwa simu ya ukutani, kwa sababu bonde lile halina mtandao. Alisema maneno machache: barua isitoke, Lonnie arudishiwe bastola yake, yeye anakuja na maelezo yaliyotiwa sahihi, na mengine ataandika yake mwenyewe kuhusu uwanja wa shabaha mwezi wa sita. Aliulizwa kitu, akajibu, "Ndiyo, sahihi yangu." Akakata.

Aliporudi mezani Oleta alikuwa amekaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Verla aingie. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mlango wa nyuma.

"Watanifunga?"

"Sijui, shangazi. Hilo si la kuamua mimi. Nitasema niliyoyaona."

"Sema." Alitazama nje, kwenye njia inayoshuka. "Ile bastola ina kitundu juu, unajua. Ukikitazama unaona shaba ya risasi kama ipo. Kila asubuhi alikuwa anasimama pale darajani kuwaita wa kituoni kwa redio, anainua mguu, anakitazama. Miezi yote hiyo. Mimi nasimama hapa hapa, namwona."

Verla alijua redio ya Jumatano ile ilisema nini. Waliitwa saa kumi na mbili na dakika arobaini, gari limeibwa, linakuja upande wao. Hollis alipita daraja bila kusimama. Hakulisema hilo. Oleta hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilimpungia mkono," Oleta alisema. "Nikamwita na jina. Gari lina kelele. Nilikimbia mpaka kwenye uzio na viatu vya ndani."

Verla alifunga daftari. Maelezo yalikuwa yameshatiwa sahihi, na lililokuwa linasemwa sasa halikuwa la kuandikwa.

"Ulitaka nini, shangazi?"

Oleta aliitazama mikono yake mapajani, mikubwa, myekundu kwa maji ya moto.

"Nilitaka aone tupu," alisema. "Ageuze gari pale darajani. Arudi aingie na mlango huu, akae, anyanyue mguu, aseme kwa mdomo wake kwamba hawezi. Nilitaka aniombe. Ningemfanyia. Ningeikoki, ningemwacha aende hata huo mwaka mzima. Nilitaka tu aniombe mara moja."